Kaswida inavuta na sauti imekuwa nene baada ya kueksipoti MP3? Anza na sampo reti

Mwaka jana nilirekodi kaswida za madrasa moja hapa Tanga, vijana kumi na wawili na matari matatu, nikakesha nakata na kusafisha, asubuhi nikamrushia maalim wao MP3 kwa WhatsApp. Haikupita robo saa akanipigia, "Mwanangu, mbona vijana wangu wamekuwa watu wazima ghafla? Hii sio sauti yao." Nikamwambia labda spika ya simu yako maalim. Akasema hapana, hao nimewafundisha mwenyewe, sauti imeshuka na matari yanavuta.

Nikafungua faili zote mbili. Ile iliyotoka kwenye rekoda ilikuwa dakika 6 kamili, MP3 dakika 6 na sekunde 32. Hapo ndo nikajua maalim yuko sahihi, maana spika ikiwa mbovu sauti itakwaruza lakini wimbo haurefuki.

Ilivyokuwa ni hivi, rekoda ilisetiwa sampo reti ya 48000, yaani kila sekunde inachukua vipimo 48000 vya sauti, na projekti yangu ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, ilikuwa 44100. Nilipoona namba hazifanani nikaingia kwenye menyu ya ile treki nikabadilisha reti yake iwe 44100 nikijua nimezioanisha. Kumbe pale unabadilisha lebo tu! Vipimo ni vilevile ila sasa vinasomwa polepole, kwahiyo wimbo unarefuka karibu asilimia 9 na sauti inashuka kama nusutoni moja na nusu hivi (nusutoni ni hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachokifuata). Asiyewajua waimbaji anaweza asigundue kitu, lakini mwenye wimbo wake anajua papo hapo, na ndo maana nawaomba sana msikabidhi kazi kabla hamjalinganisha urefu wa faili.

Reti ya treki iache kama ilivyo. Ukitaka kweli kuibadilisha tumia risampo, hiyo inakokotoa vipimo upya na wimbo unabaki na urefu wake, ila mara nyingi hata haihitajiki, programu inafanya yenyewe wakati wa kueksipoti. Mimi nilirudisha 48000 nikaeksipoti upya kutoka kwenye WAV, lile faili la rekoda. Usijaribu kuikimbiza ile MP3 iliyoharibika ili ilingane, utaikamua kuwa MP3 mara mbili na ubora unazidi kupungua. Nilipomtumia ile mpya maalim alijibu, "Hao ndio."

Siku hizi kabla ya kugusa chochote naangalia reti ya faili kwa ffprobe, programu ndogo ya kuandikia amri inayokuja pamoja na ffmpeg, halafu kubadilisha naandika tu:

ffmpeg -i kaswida.wav -ar 44100 -b:a 192k kaswida.mp3

Kama kazi inaenda kwenye video weka 48000, ikienda kwenye CD ni 44100. Na ukirekodi kwa 96000 halafu MP3 ikagoma au ikakuuliza uchague namba nyingine, usihangaike kufuta programu na kuiweka upya, MP3 mwisho wake ni 48000. Opus, aina nyingine ya faili la sauti, nayo haina 44100 kabisa, ukiipa hiyo itaipeleka 48000, na hapo hakuna kilichoharibika.

Kuna na lile tatizo la sauti kuwa nzito kama imefunikwa blanketi ingawa urefu uko sawa. Hapo angalia bitireti, yaani faili linatumia data kiasi gani kwa kila sekunde ya sauti. Ukichagua ndogo sana ili faili liwe jepesi, programu nyingi zinashusha na sampo reti kimyakimya hadi 24000 au 22050, na kwa 22050 kila kitu kilicho juu ya Hz 11025 kinapotea, vile visahani vya tari vinapoteza mng'ao wake. Kwa stereo mimi sishuki chini ya bitireti ya 128k.

Ila kama ulirekodi kwa maiki ya hedifoni za bluetooth, angalia faili la mwanzo kwanza kabla hujalaumu eksipoti. Maiki hizo zikiwashwa kwa njia ya kupigia simu mara nyingi zinachukua 8000 au 16000 tu, na ukieksipoti hata kwa 48000 namba itapanda lakini kilichokosekana hakirudi, hiyo ni ya kurekodi upya kwa maiki ya simu yenyewe au ya waya.