Je, ni dhambi kuandika ugomvi wa makanisa?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Moshi. Nimepewa kazi ya kuandika historia ya umoja wa Wakristo, isomwe Januari kwenye Juma la Kuombea Umoja. Rafiki yangu, katekista wa Kikatoliki, anasema niache ugomvi wa zamani, nisifukue makaburi. Nikiuandika, natenda dhambi?

Jibu: Amina, mzee wangu. Basi Luka naye alikosa. Katika Matendo 15 ameandika Paulo na Barnaba walivyozozana juu ya Marko hata kila mmoja akashika njia yake, wala hakupamba.

Wengi huanzia Edinburgh, 1910, kwenye ule mkutano mkubwa wa wamisionari. Sawa, ila Wakatoliki na Waorthodoksi hawakuwamo, na katekista wako atakaa benchi la mbele akijiuliza wenzake walikuwa wapi. Mweleze. Mwaka 1928 Papa Pius XI aliwakataza Wakatoliki kushiriki mikutano ya namna hiyo. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ukatoa hati ya kuhimiza umoja. Ukilifuta katazo, nani ataona ukubwa wa badiliko?

Usiishie Ulaya. Mwaka 1913, Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kiprotestanti walijadili shirikisho, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda, waliokuwamo, kwa uzushi. Anglikana kwa Anglikana! Kisa hiki hunichekesha na kuniuma papo hapo.

Kisha funga vitabu, uwaendee akina mama wazee. Utotoni mwangu salamu ilitosha: "Bwana Yesu asifiwe", huyu wetu, "Tumsifu Yesu Kristo", huyo wa Roma. Muulize bibi aliyekulia usharikani akaolewa na Mkatoliki: Jumapili ya kwanza alisali wapi, na nani alimnunia? Ulizia na mazishi ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, padre na mchungaji wakiwa kwenye kaburi moja kando ya migomba: nani aliongoza sala, nani alisimama kimya na kitabu chake kwapani? Hayo hayamo kwenye mihutasari ya vikao.

Majina ya waliokosana usiyataje ikiwa watoto wao bado wako hapo, tendo latosha. Na kabla ya Januari msomee katekista. Atakapokunja uso, mpe kalamu, aya hiyo aiandike yeye.