"Frown" na "scowl" si kitu kimoja
Je, maneno ya Kiingereza "frown" na "scowl" yana maana moja? La, yana tofauti. "Frown" ni kukunja kipaji tu: nyusi zinakaribiana, ndita zinatokea, na sababu yaweza kuwa huzuni, shaka, hata kufikiri sana. "Scowl" ni kukunja uso kwa hasira au chuki, na jicho kali juu yake. Nafundisha Kiingereza vijana wanaotembeza wageni hapa Lamu, na mfano ninaowapa ni mshona kofia barazani: akisogeza sindano karibu na jicho atie uzi, kipaji kimekunjana lakini hana ugomvi na mtu. Hiyo ni "frown". Punda akipita akamkanyagia kitambaa, mwenye punda atatazamwa kwa "scowl". Kwa hiyo mgeni akikunja kipaji ukimtajia bei, usiseme ni "scowl", utamdhulumu. Pengine anapiga hesabu. Ila Mwingereza akisema "frown" humaanisha zaidi paji la uso, na Wamarekani wengi humaanisha pia midomo iliyopinda kwenda chini, kama kile kikatuni cha uso wa huzuni kwenye simu.