Dalili za Mapema za Usonji: Msisubiri Maneno Peke Yake

Hapa Kirumba, jijini Mwanza, mtoto akichelewa kusema, wazazi huambiwa wasubiri kwa sababu wavulana huchelewa, au kwa sababu baba yake naye alichelewa. Mimi ninayelea mtoto mwenye usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu, nawasihi wazazi wenzangu waangalie zaidi ya maneno, kwa kuwa dalili nyingi huyatangulia.

Kwa mwanangu, aliyeona kwanza ni bibi yake. Alituambia kwamba mtoto akitaka kikombe humshika mkono na kuusukuma hadi kwenye kikombe bila kumtazama usoni, kana kwamba mkono ule hauna mwenyewe. Kati ya miezi 12 na 18 watoto wengi huanza kunyoosha kidole, tena si kwa kuomba tu: mtoto huonyesha mtumbwi unaopita ziwani, kisha humgeukia mama yake kuhakikisha kwamba naye anauona. Wetu hakufanya hivyo, na alipoitwa jina hakugeuka, ingawa mlio wa injini ya mtumbwi ulimkimbiza mlangoni. Hakuna dalili moja inayothibitisha usonji. Lakini mtoto wa mwaka mmoja asiyeitikia jina lake wala kutoa sauti za ba-ba na da-da, au mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokwisha kuyajua, apelekwe kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki.

Anzeni na kipimo cha masikio, hata kama mnaamini anasikia, maana anayesikia injini anaweza asisikie sauti nyembamba za maneno. Ombeni rufaa kwa daktari wa watoto, ambaye kwa Kanda ya Ziwa hupatikana, kwa mfano, katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na mwende na video za simu zinazomwonyesha akicheza nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari wengi hulia tu.

 

Na mama asilaumiwe. Usonji hausababishwi na malezi wala chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyouhusisha usonji na chanjo ya surua ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha.

Wakati mnasubiri rufaa, kaeni chini uso kwa uso na mtoto, kitajeni kile anachokitazama, na kabla ya kumpa kikombe ngojeni kidogo apate nafasi ya kuwaangalia.