Jibu: Binti wa S4 (kidato cha nne) anayeumwa tumbo kila Jumapili jioni

Dada yangu, pole. Umeuliza kama binti yako hapo Jinja anajisingizia, maana tumbo humuuma kila Jumapili jioni na daktari hakuona ugonjwa. Hajisingizii. Mtu akiwa na hofu, kama ya shule au mtihani, mwili hutoa homoni za kujihami, na tumbo huwa la kwanza kulalamika. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa.

Mwanangu alikuwa hivyohivyo mwaka wa mtihani wa UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda. Analala saa sita usiku, saa kumi alfajiri yuko macho anasoma. Usiku mmoja nilimkuta ameshika kalamu, daftari limelowa machozi, ukurasa uleule tangu saa mbili. Tukaanza na usingizi. Kijana wa umri huo anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10, na akili hupanga iliyojifunza wakati amelala. Kumnyima usingizi ili asome ni kutwanga maji kwenye kinu. Saa nne taa zikazimwa, simu ikalala chumbani kwangu.

Tumbo likianza, avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe polepole kwa hesabu ya 6, kwa dakika tano hivi. Kuitoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo.

Na alama usizitangulize, nakuomba. Muulize siku yake ilivyokuwa mkiwa mnamenya matoke; mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Akikataa chakula siku kadhaa, au akisema afadhali afe, usingoje hata kesho: piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au mpeleke hospitali aonane na mhudumu wa afya ya akili.