Heka 20 Kongwa: mkuu USING'OE VISIKI

Mkuu simamisha hilo katapila kwanza. Sijamaliza hata majibu ya wenzangu, nimeishia pale ulipoandika una heka 20 Kongwa, unafyeka zote, mkaa ukiuzika ndo unalipia katapila ling'oe visiki halafu unaweka alizeti, nikasema huyu ni mimi wa 2015 kabisa, tumepishana kitambi tu.

Zangu zilikuwa 15, huko huko upande wenu. Kukata miti ni kosa ila lina dawa, migunga yetu hii ukiikata inachipua yenyewe, mizizi iko chini inajua maji yalipo. Kilichonimaliza ni visiki. Kulikuwa na jamaa wa semina za kilimo biashara, shati jeupe, mokasini kwenye vumbi la Kongwa, tukamlipa laki na nusu kila kichwa, akatuambia visiki vinanyonya maji ya mahindi na vinavunja plau, ng'oeni vyote shamba liwe kama uwanja wa mpira. Nikang'oa. Milioni mbili na laki saba, na picha nikaweka status. Uwanja wa mpira kweli, golikipa nikawa mimi na nimefungwa misimu minne mfululizo. Yeye nikimpigia simu alikuwa "kwenye kikao", nadhani mpaka leo hicho kikao hakijaisha.

Msimu wa kwanza nilivuna vizuri na hapo ndo mtego ulipo, udongo ulikuwa bado unakula akiba ya majani yaliyooza miaka yote ile. Ikaja 2016/17, mnaukumbuka ule ukame, mvua za mwisho wa mwaka ziligoma karibu nchi nzima. Na Dodoma hata mwaka mzuri tunapata milimita 500 na kitu, msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na Februari mara nyingi inakata wiki mbili tatu. Sasa shamba lisilo na kivuli wala mzizi hizo wiki tatu ndo zinaliua. Saa saba mchana hukanyagi peku. Upepo unakuja hauna cha kuuzuia, unabeba mchanga unachapa mahindi machanga mpaka majani yanachanika. Nilipanda upya mara mbili, ya tatu mke wangu akaficha mbegu.

Kinachouma zaidi, mvua siku moja ilinyesha, kubwa tu, kama dakika arobaini. Asubuhi nikaenda nikachimba kwa kidole, juu gamba gumu kama sahani, chini yake unyevu kiduchu, halafu vumbi. Maji yote yalipita juu yakaenda kuchimba korongo kona ya chini, leo hilo korongo anaingia ng'ombe na humuoni pembe. Nikavuka mpaka kwa mzee jirani, visiki vyake vipo na migunga mikubwa kama sita kaiacha, nikachimba na pale, kidole kikaisha bado nagusa ubichi. Mtama wake uko magotini. Akaniangalia akasema, "Kijana, mimi na wewe tumenyeshewa mvua moja," akaendelea kupalilia. Bora angenitukana.

Kwa hiyo wanaokutisha humu kwamba ukikata tu mvua inahama, kwa heka 20 wingu halijui hata kama upo. Misitu mikubwa ikiisha ndo mvua za ukanda zinaguswa. Kwako wewe kinachobadilika ni joto la ardhi, upepo, na maji kuzama au kukimbia, ila kwa mkulima mdogo hiyo inatosha kabisa kukufilisi.

Kurudisha nimejaribu. Nilinunua miche 400, imebaki 31, mbuzi wa kijiji wananijua kwa jina. Wenzangu kijiji cha pili hawajanunua hata mche mmoja, wanafanya hii ya kisiki hai: kisiki kikichipua unachagua machipukizi matatu manne yaliyonyooka, mengine unakata, unafunga kitambaa ili mpaliliaji asifyeke, kila baada ya muda unapogoa matawi ya chini, baada ya miaka michache una mti na kuni umepata. Mimi nichague nini? Katapila lilibeba mpaka mzizi. Hata Shinyanga kule, HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) ilipoanza 1986, ngitili nyingi, yaani yale maeneo ya malisho na miti Wasukuma wanayoyatenga, zilirudi kwa kufunga eneo mifugo isiingie ili mizizi na mbegu zilizokuwemo ardhini zifanye kazi, zaidi ya hekta 300,000. Wasukuma hawakuzunguka na kumwagilia kila mti kwa ndoo.

Trekta litasumbuka na visiki, ndiyo, lima kwa ng'ombe, zunguka, laana utakazotoa ni za bure. Kata mti ukishindwa kabisa ila kisiki usikiguse. USIKIGUSE.

Uliuliza na mbegu ya alizeti na kisima, sijui na mkopo, mbegu waulize wengine mimi alizeti sijawahi kuiona ikichanua kwangu, kisima waliniambia maji ni ya chumvi nikaachana nacho. Umeshampa mtu wa katapila advansi? Kama bado usipokee simu yake. Kama umeshampa njoo inbox nikuelekeze jinsi ya kuidai, ila nakuambia mapema mimi yangu sikurudishiwa.