Safu za jedwali zinayumba kwenye terminali

SWALI: Ndugu Mtaalamu, salaam. Nimeandika programu kwa lugha ya C, inayoonyesha matokeo kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ya kuorodhesha kilo za kahawa za wakulima wa chama chetu cha msingi. Nilianza kwa kuweka \t (alama ya tabu) kati ya jina na kilo, mstari wa Ndetaramo ukaruka nje. Nikahamia %-20s, yaani jina lipewe nafasi 20 kuanzia kushoto, safu zikanyooka. Lakini nilipolipa jina la Mushi rangi nyekundu kwa kuwa yuko chini ya kilo 50, kilo zake zikasogea kushoto. Nikipeleka matokeo kwenye faili, naona takataka kama ^[[31m. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Ndugu mwanafunzi, achana kabisa na \t kwenye majedwali. Tabu huenda hadi kituo kinachofuata, na kwa kawaida vituo viko kila baada ya herufi 8. Mushi ana herufi 5, kilo zinaanza baada ya nafasi ya 8. Ndetaramo ana 9, zinasukumwa hadi baada ya 16.

%-20s ni sahihi, ila hiyo 20 ni kiwango cha chini tu. Jina la herufi 25 litapita lote na kusukuma kilo. Ukitaka likatwe, andika %-20.20s. Kilo ziandikie %10.1f, nukta zitasimama mstari mmoja.

Kwenye rangi ndipo wengi wanapokwama. printf, amri ya C ya kuchapisha, haijui kilichopo kwenye skrini, inahesabu baiti (vipande ambavyo kompyuta huhifadhia herufi). \033[31m ya kuwasha nyekundu ni baiti 5 (\033 yenyewe ni moja), na \033[0m ya kuzima ni 4. Ukizibandika ndani ya jina, zote 9 zinaingia kwenye hesabu ya 20 ingawa hazionekani, na kilo za Mushi zinasogea nafasi 9 kamili. Hata é, ambayo katika UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) ni baiti 2, huvuta safu nafasi moja. Kwa hiyo rangi ikae nje ya jina:

printf("%s%-20s%s%10.1f\n", nyekundu, jina, zima, kilo);

Zile takataka ni amri za terminali, na faili haina wa kuzitekeleza. Kwenye Linux ongeza #include <unistd.h>, kisha uliza kwanza matokeo yanakwenda wapi:

int skrini = isatty(STDOUT_FILENO);
const char *nyekundu = skrini ? "\033[31m" : "";
const char *zima = skrini ? "\033[0m" : "";

Kwa mkulima asiyehitaji rangi, weka "" mahali pa nyekundu. Printf ibaki ileile. Na programu ikikatizwa kwa Ctrl-C kabla ya kuzima rangi, terminali inaweza kubaki nyekundu: andika reset, bonyeza Enter.