Orval Yenye Harufu ya Zizi: Imeharibika au Ndivyo Ilivyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu anayefanya kazi Antwerp alituletea chupa mbili za bia ya Ubelgiji iitwayo Orval, na mbili za nyingine ya huko, St. Bernardus Abt 12. Tulizilaza kwenye friji, tukafungua moja ya kila aina na kuzipa alama juu ya kumi. Orval ilitutia mashaka, kwa kuwa ilikuwa kavu mdomoni na ilinuka kama zizi la ng'ombe, tukaipa tatu. Nasikia wajuzi huisifu sana. Je, iliharibika safarini, au sisi ndio hatujui kupima? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, Orval yenu ilikuwa nzima. Bia hiyo hutengenezwa ndani ya abasia (nyumba ya watawa) ya Watrapisti, watawa wa Kikatoliki, kusini mwa Ubelgiji. Baada ya kuchachuka mara ya kwanza hulowekwa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kisha hutiwa hamira ya pori iitwayo Brettanomyces, ambayo huendelea kufanya kazi hata chupa ikishafungwa. Hamira hiyo hula sukari ambazo hamira ya kawaida huziacha, ndiyo maana bia hukauka mdomoni, na ndiyo inayoleta harufu ya ngozi na zizi. Chupa changa hutawaliwa na hopsi na uchungu wake. Iliyokaa mwaka mzima uchungu hupungua na zizi huongezeka. Lebo huonyesha tarehe ya kujazwa, nayo inafaa iandikwe kando ya alama, kwa sababu Orval ya miezi mitatu na ya miaka miwili ni kama bia mbili tofauti.

Bia iliyoharibika kweli ina dalili nyingine. Iliyochomwa na mwanga, hasa ya chupa ya kijani au nyeupe iliyowekwa kwenye rafu inayopigwa na jua, hutoa uvundo wa kicheche, kwa kuwa mwanga huvunjavunja viini vya uchungu wa hopsi; chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo. Iliyokaa muda mrefu kwenye joto la kontena huwa na ladha ya boksi lililolowa maji.

Kuhusu alama, utaratibu wa BJCP, chama cha waamuzi wa bia kilichoanza Marekani mwaka 1985, una jumla ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito wa bia mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Mwonekano una alama tatu tu, ingawa kwetu wengi huanza kuhukumu kwa povu! Lililo kubwa zaidi ni kwamba bia hupimwa kwa kigezo cha aina yake. Mliipa Orval tatu kwa sababu haikufanana na lager mliyoizoea, na hapo, kwa maoni yangu, mlipima mazoea yenu.

Hata hivyo, msizibebe alama za wajuzi kama zilivyo. Kati ya mwaka 1946 na 1992, kiwanda cha St. Bernardus kilitengeneza bia za abasia ya Westvleteren kwa leseni, na Abt 12 imetokana na kazi hiyo. Lakini Westvleteren 12, bia ya abasia yenyewe ambayo ni adimu, kwa miaka mingi imeshika nafasi za juu kuliko Abt 12 katika orodha za wanywaji. Siamini kwamba pengo hilo lote limo ndani ya glasi. Ndiyo maana waamuzi huletewa bia bila kuonyeshwa chupa.

Kwa chupa zilizobaki, zisimamisheni wima siku moja ili mashapo yatulie, kisha mzitoe kwenye friji mapema, kwani baridi kali hufunga harufu. Abt 12 hufunguka vizuri ikifika nyuzi 10 hadi 14, yaani kati ya bia baridi na ile muuzaji anayoiita ya moto. Anzeni na Orval, ambayo ina asilimia 6.2 ya kilevi, kwa sababu Abt 12 ina asilimia 10, na chupa yake moja ya mililita 330 inakaribia lager moja na nusu za nusu lita. Mimineni taratibu, mkiacha mashapo chini, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya yeyote kufungua kinywa kutoa maoni.